Alikua Wakati Hatumtazami

Rukia mwanangu,

Alasiri imeingia nawe umelala chumba cha nyuma, au unajifanya umelala. Sanduku lako limesimama ukumbini na kila anayepita analigusa kidogo kwa mguu, hata mimi. Habari za soksi, sabuni, dawa ya mbu na nani wa kumwamkia utakapofika shuleni keshakwambia mama mdogo wako Tima, kwa sauti kubwa, hata majirani sasa wanajua umebeba nini. Sitazirudia.

Nakuandikia kwa sababu kesho sitafika nawe stendi. Unajua. Niko edani, na mlango wa nje ndio mwisho wangu mpaka eda iishe. Lakini nakuandikia pia kwa sababu kusema nimeshindwa. Tangu baba yenu afariki, maneno yananifika mdomoni yameshapoa, nami nayaacha. Siku ulipong'olewa jino ulijiuma mdomo bila kuhisi, ukaja kujua ulipoona damu kwenye kanzu ya baba yako aliyekubeba. Ndivyo nilivyo sasa, ila ganzi yangu haijatoka. Watu wanangoja nilie. Jirani yetu Bi Khadija akija ananitazama usoni kama mtu anayechungulia sufuria kuona kama maji yamechemka. Namkaribisha, namuuliza habari za miguu yake, anaondoka hajaona kitu.

Kesho pia huenda nisilie. Nakuomba usinipime kwa hilo.

Jambo langu ni hili. Wewe na Nuru hamsemezani tangu siku ya harusi ya binti wa Bi Khadija. Mnapishana ukumbini kama wapangaji. Mdogo wako amehamia kwangu, wewe unalala peke yako, na hata chumvi mezani mnapitishiana kwa mkono wa Tima. Kesho unakwenda shule ya bweni Rabai na likizo iko mbali. Kuna jambo kuhusu siku ile ambalo hulijui. Mimi nalijua, nilikuwepo, na mdomo ninao. Sitaki uondoke hujalisikia.

Nianze na kitabu, kwa kuwa mimi na wewe huanza na vitabu.

Unaikumbuka ile riwaya ya zamani ya dada watatu ninayoifundisha shuleni, uliyoisoma likizo iliyopita mpaka jalada likabanduka. Baba yao anapotelea mtoni. Dada mkubwa anashika funguo za nyumba, na siku hiyo hiyo anaacha kuimba. Wa kati anakwenda mjini kunakili hati kwa wakili, na mwandishi anamfuata huko sura baada ya sura, na baridi yake, na chumba chake, na fikira zake zote. Mdogo anabaki nyumbani akivunja sahani na kucheka. Kisha wa kati anarudi, na tazama, funguo ziko kiunoni mwa yule mdogo. Dada mkubwa hafanyi jambo bila kumuuliza. Watu wa mashamba ya jirani wanakuja kumuuliza. Hapana maelezo.

Kila mwaka darasani yuko anayenyoosha mkono: "Mwalimu, huyu alikua lini?" Na kila mwaka nikijibu kwamba hapo mwandishi aliteleza. Ametuonyesha mtoto, ametuonyesha mtu mzima, njia ya katikati ameisahau. Nikiandika ubaoni "udhaifu wa riwaya", nao wakinakili.

Wewe ulikubaliana nami. Ulisema, "Ma, yule mdogo hana akili, mwandishi kampendelea tu." Baba yako alikuwa sakafuni amefungua mota ya friji ya mtu, akainua kichwa akauliza, "Nani hana akili, mimi?" Tukacheka sote, na Nuru akacheka kuliko sisi bila kujua tunacheka nini.

Siku hizi nikikaa hapa mkekani, pasi na kazi, ile riwaya inanirudia. Nadhani mwandishi hakuteleza. Alikuwa mjini na yule wa kati. Sisi wasomaji pia tulikuwa mjini, tukisikiliza fikira zake nzuri. Mdogo alikua huko nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kumtazama. Dada yake alimwacha mtoto, na kichwani mwake akaendelea kumweka mtoto, kwa sababu hakuuliza.

Sasa harusi.

Kabla ya siku yenyewe Bi Khadija alikuja kunitaka radhi. Wewe hukuwepo. Alikaa ukingoni mwa kiti, mtandio ameushika mkononi.

"Mwanangu, harusi hii tushaiahirisha kwa ajili ya msiba wako," akasema, "na kijana lazima arudi kazini Arabuni. Tutapiga ngoma kidogo kidogo, ndani kwa ndani."

"Pigeni kama kawaida, Bi Khadija."

"Kizuka yumo nyumba ya pili, nami nipige kama kawaida? Watu watanisemaje?"

"Waambie kizuka mwenyewe karuhusu."

Kizuka ndiye mimi, mjane aliye edani. Mwanzo neno hilo lilinishtua, sasa naitika.

Siku ya kupamba ilipofika ulikuwa umekwenda sokoni na mama mdogo wako kutafuta sare ya shule. Nyumbani tulikuwa mimi na Nuru. Nilisikia wanawake wanaingia kwa Bi Khadija, viatu vinavuliwa, mtu anaulizia kipaza sauti. Nikamwita Nuru nikamwambia avae gauni lake la Idi aende. Akae na wenzake, atiwe hina kama wao ili asiulizwe maswali, atazame kila kitu, kisha arudi anihadithie.

Alinitazama kama anayepima kama nimeshikwa na homa.

"Da Rukia je?"

"Da Rukia hayupo."

"Akirudi?"

"Usimwambie. Usimwambie mtu kama nimekutuma."

Hayo ni maneno yangu, niliyasema mimi. Sababu ya kumtuma siijui vizuri hata sasa. Nilikuwa nimechoka na pole. Kila aliyeingia humu alisema pole, akakaa, akashusha pumzi, akainuka, na anayefuata akakalia joto lake. Nilitaka kusikia habari ya mtu aliyekanyaga gauni lake. Na sababu ya kumwambia anyamaze naijua vizuri sana: niliona haya. Mke amefiwa, machozi hana, halafu anatamani habari za ngoma. Mimi mwenyewe ningemsikia mwanamke wa namna hiyo ningemsema.

Nuru alirudi jioni haijaingia. Alikaa mbele yangu, mikono ameitanua hina isiguse nguo, akaanza. Alitembea kama bi harusi, alipiga vigelegele kwa sauti ndogo ili nje wasisikie. Akanihadithia habari ya shangazi ya bi harusi, wa Mambrui, mwenye mwili, aliyekalia kiti cha plastiki.

"Mama, kiti kikapiga magoti. Polepole, kwa adabu. Naye sahani ya biriani kaishikilia juu hivi, haimwagiki. Alipofika chini akaendelea kula."

"Hakuna aliyemwinua?"

"Walimwinua. Akasema, 'Ngojeni kwanza nimalize nyama.'"

Kuna kitu kilitikisika kifuani mwangu. Sikucheka, lakini kilitikisika. Kilikuwa kitu cha kwanza tangu mazishi. Na ndipo ulipoingia na mfuko wa sare.

Mengine unayajua, ila uliyaona ukiwa umesimama upande wako. Ngoja nikwambie yalivyoonekana kutoka mkekani. Uliona mikono kabla hujamwona yeye. Ulisema, "Hii nini?" Akasema, "Hina." Ukasema, "Kaburi la baba halijakauka, wewe unakwenda kujipamba?" Ukamshika kifundo ukamvuta mpaka bombani uani, ukachukua brashi ya kufulia ukasugua. Hina haitoki kwa brashi. Ulilijua hilo na uliendelea. Ulikuwa ukilia. Nuru hakulia. Alinitazama, mara moja tu, kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi.

Nami sikusema kitu. Nakumbuka nilichokuwa nikiwaza, na ni cha ajabu. Niliwaza, Rukia anajua kulia, vizuri. Niliwaza kwamba maji yanamwagika bure. Nikabaki nimekaa.

Angeweza kusema, "Mama ndiye kanituma." Brashi ingesimama pale pale. Hakusema. Siku ile hakusema, wala usiku, wala hata mara moja katika siku zote hizi ambazo hukumjibu salamu mpaka akaacha kusalimu. Nilimwambia asimwambie mtu, naye amenisitiri, huku mimi niliye mtu mzima nikimwacha aitwe asiye na moyo.

Nilimtuma mimi, Rukia.

Nilipolitoa jambo hili mara ya kwanza nililitoa kwa Tima, na hapo nikapata langu.

Nyinyi mmekua mkiona kwamba mama yenu na mama mdogo wenu hukutana Idi na matanga, wanaulizana afya, basi. Hamkuuliza, mlidhani ndivyo watu wazima walivyo. Haikuwa hivyo zamani. Tulilala kitanda kimoja, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kwa kumfinya.

Baba yetu alifariki nikiwa shule ya bweni, umri wako au zaidi kidogo. Mama yetu akakaa eda nyumba ile ile ya Shela mnayoijua. Nilirudi likizo na kitabu kwapani na huzuni yangu nimeivaa kama nishani. Sikula mbele za watu. Nilikaa dirishani. Na kila jioni Tima alikwenda kwa jirani kutazama mchezo wa televisheni, ile michezo ya Kimeksiko iliyokuwa ikiwatoa watu jikoni mchuzi ukiungua. Akirudi kicheko bado kiko usoni. Anapita mbele yangu, anaingia kwa Mama, anafunga mlango. Mimi nilidhani ananikimbia kwa aibu.

Siku moja nilimzuia ukumbini nikamwambia kwamba hana moyo, na kwamba angekufa yeye Baba asingeingia nyumba ya mtu kutazama mchezo. Alikuwa mtoto, mdogo kuliko ulivyo wewe. Alisema, "Sawa." Akanipita.

Hatukugombana tena kamwe. Tulipoa tu. Nilirudi shuleni sikumwandikia, kisha chuo, kisha kazi, kisha nyinyi. Na kila nilipomwona nilimwona yule msichana wa ukumbini. Alipoolewa Marereni niliona yule msichana ameolewa. Alipofanywa msimamizi wa wanawake wanaofunga chumvi kiwandani, akanipigia simu kunipa habari, nilimwambia hongera kama unavyomwambia mtoto aliyemaliza uji. Aliaga upesi akakata simu. Sikujiuliza kwa nini.

Baba yenu alipofariki Tima alikuja na begi lake na hajaondoka. Juzi alikuwa amekalia mbuzi uani akikuna nazi, nami nimekaa mlangoni. Nikamhadithia habari ya Nuru na hina, yote. Akasimamisha mkono.

"Da Asha," akasema, "kwani wewe ulidhani mimi nilikuwa nikienda kwa jirani kufanya nini?"

"Kutazama mchezo."

"Kumtazamia Mama. Televisheni yetu ilikuwa imefunikwa shuka, msiba, na yeye hapati usingizi hajajua kama yule msichana kipofu ameona."

"Mama? Mama yetu?"

"Mama yetu. Alikuwa akiniuliza hata amevaa nini. Nikisahau, natungia tu. Siku nyingine nilimwozesha mtu ambaye hakuolewa, ikabidi kesho yake nimtalikishe."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama, nazi mkononi.

"Nikwambie ili uende ukamtazame kwa macho yale?"

"Macho gani?"

"Hayo hayo."

Akaendelea kukuna.

Nimeyafikiria sana macho hayo. Nadhani hayakuwa mabaya. Yaliniwezesha kusoma, yalinifikisha nilipo. Lakini mama yangu mzazi aliogopa kupenda mchezo wa televisheni mbele ya macho hayo. Kuna mama mmoja, mchekeshaji, mwenye kuuliza habari za nguo, aliyeishi chumba cha pili kutoka kwangu, na Tima alimpata na mimi sikumpata. Sasa wote wawili wamo kaburini, yule niliyemjua na yule ambaye sikumjua. Naliandika hili na ganzi iko pale pale. Labda litanifikia baadaye, kama lile jino.

Macho hayo unayo, Rukia. Umeyachukua kwangu pamoja na vidole virefu. Unahisi kwa nguvu, na anayehisi kwa nguvu huona wengine hawahisi. Sikulaumu. Siku zile ulilia kwa niaba ya nyumba nzima, na mimi nilikuachia kazi hiyo kwa sababu sikuiweza. Ninachotaka ujue ni kwamba kulikuwa na kazi nyingine, na ilikuwa ikifanywa na mwingine.

Unajua simu ya baba yenu iko wapi? Mimi nilidhani imezimwa, imo kabatini na saa yake. Iko kwa Nuru. Wiki iliyopita niliamka mchana nikamsikia uani, kati ya yale mafriji ya watu, akisema: "Alo. Hapana, mimi mwanawe. Fundi amefariki. Ndiyo. Yako ni ile nyeupe yenye mlango uliobonyea? Ipo, njoo uchukue, lakini haijapona." Kisha akasikiliza kitambo. Kisha akasema, "Pole, baba. Usilie. Alikutaja." Nilimuuliza baadaye kama kweli baba yake alimtaja mtu yule. Akasema, "Sijui. Lakini alikuwa analia."

Amekuwa akifanya hivyo tangu mwanzo. Ameifahamu kila friji na mwenyewe. Hakuniambia kwa kuwa sikuuliza, na hakukwambia kwa kuwa hamsemezani.

Mwanafunzi akiniuliza tena, mwalimu, huyu alikua lini, sijui nitaandika nini ubaoni.

Leo baada ya adhuhuri nilimwita Nuru nikamwomba radhi. Alitazama sakafu akasema haidhuru. Kisha nikamwambia nataka kukwambia kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

"Atakukasirikia wewe," akasema.

"Na anikasirikie."

Akafikiri. "Si ungojee utoke eda kwanza?"

"Atakuwa ameshakwenda."

"Basi mwambie. Lakini asije akanililia mimi. Da Rukia akilia simwezi."

Nikamwambia kesho atakwenda nawe mpaka shuleni, yeye na mama mdogo, kwa kuwa mimi siwezi, na lazima atoke mtu wa nyumba hii.

"Nikae naye kiti kimoja?"

"Ukipenda."

"Sitamsemesha."

"Nani kakwambia umsemeshe?"

Akachezea ncha ya mkeka. "Akinisemesha yeye?"

Nilimwambia hilo ataliona mwenyewe. Akasema, "Rabai mbali?" Nikasema mbali kidogo, mtapita Kilifi, mtapita Mazeras, ndipo mpande. Akasema, "Njia yote hiyo kimya, mama mdogo ataongea mpaka tutapike." Akaenda zake.

Sikuandikii ili utoke hapo uombe radhi. Kosa la siku ile ni langu, wewe ulishika brashi lakini mimi ndiye niliyekaa na ukweli mapajani. Ukinikasirikia, toka uniambie. Niko hapa, siendi popote. Kama kuna kitu ningependa, ni kwamba ukiwa huko, ukimfikiria Nuru, usimfikirie wa leo. Kila simu, muulize kitu usichokijua. Utakapomrudia likizo atakuwa mwingine, nawe utakuwa mwingine, na hakuna atakayekuwa amewaandikia sura za katikati ila mkiambiana.

Barua hii si ya kusoma njiani. Isome sasa, kabla ya magharibi. Naikunja, nampa Nuru akuletee. Nimemwambia aiweke tu kitandani arudi, lakini namjua, atasimama mlangoni mpaka umalize. Kisha atakuuliza, "Mama kaandika nini?"

Mjibu.

Mamako,
Asha